Kitambaa Ndani ya Kofia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya mafundi imefika kona ya uzio, na kipimajoto kiko mkononi mwa mtu asiyedanganyika.

"Vua kofia. Kaa kwenye benchi dakika kumi, ndipo nikupime," anamwambia fundi rangi.

"Kaka, nimekuja kazini, sikuja kuposa."

"Hata posa watu hungojeshwa. Kaa."

Foleni inacheka. Yeye hacheki.

Hapa kwenye jengo wanamwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kunyooshea kuta, kwa kuwa ukuta wake haupindi hata kidogo. Ni fundi mwashi kwa miaka kumi na tisa. Kazi hii ya getini aliiomba mwenyewe, na akiimaliza hupanda jukwaani kama wenzake. Nyuma yake vimening'inia vikombe vya maji, kila kimoja na alama ya mwenyewe.

Hila ya kofia anaijua kwa sababu aliibuni yeye.

Miezi mitano iliyopita, ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza ukiwa umepamba moto, aliamka mwili unachemka. Ilikuwa siku ya kumwaga zege, na asiyefika siku hiyo hukuta nafasi yake imepata mtu. Akalowesha kitambaa, akakiweka ndani ya kofia ngumu, akakitoa hatua chache kabla ya geti. Kipimajoto kikasoma thelathini na sita na nusu.

"Nikajiona mjanja kweli," anasema, macho kwenye buti zake.

Kutwa nzima alifanya kazi bega kwa bega na saidia fundi wake, ambaye ni mume wa dada yake. Barakoa zilikuwa kidevuni, na maji walikunywa kwa kikombe kimoja. Homa yake aliyoificha ilimwachia baada ya siku nne. Shemeji alilazwa wiki tatu, akipumua kwa mtungi wa oksijeni. Hadi leo, vidato vinane vya ngazi vinamkalisha chini.

"Alipotoka hospitali aliniambia, 'Shem, nisamehe. Nilikuja kazini na ugonjwa bila kujua, nikakuhatarisha na wewe.' Dada yangu akaniletea chai. Nikainywa. Nikasema, usijali, yamepita."

Tangu hapo ameenda mara mbili kumwambia ukweli. Mara zote mbili wameishia kuzungumza mpira.

Jumapili anakwenda tena, safari hii na mkewe, anayejua kila kitu. Ameomba habari hii ichapwe Jumatatu, gazeti lisije likamtangulia.

"Nimemwambia mke wangu akae karibu yangu," anasema, akimpungia mkono fundi rangi aje apimwe. "Nikitaja mpira tu, anikanyage mguu."