Nililoweka Fimbo ya Gofu kama Jembe

Mpaka leo namkwepa Mzee Okelo, mbebaji wa fimbo za gofu. Aliniletea kwenye kibanda changu cha ufundi Kaloleni fimbo ya marehemu babake, yenye kichwa cha mbao, niitie mpini mpya wa chuma.

“Unaziweza kweli fimbo hizi?” akaniuliza.

“Mzee wangu, shule ya ufundi ya usiku nilisoma mpaka majogoo wakaniomba nilale!”

Nilipoutia mpini mpya, ukalegea kwenye tundu la kichwa. Nikafanya kama tunavyofanyia jembe: nikakiloweka kichwa kwenye karai la maji siku mbili, mbao ivimbe, ikaze. Lo! Kilivimba kama mandazi, kikapasuka katikati.

Mzee alipofika, nikasimama mbele ya karai.

“Mpini nauona. Kichwa kiko wapi?”

“Kinapumzika, mzee.”

“Hebu sogea, fundi.”

Nikasogea. Akachungulia majini, akavua kofia polepole.