Kivuli cha Mkutano wa Jumatatu

Katika ofisi yetu ya maji pale Garissa, miaka ya tisini, mkutano wa Jumatatu haukufuata saa. Ulifuata kivuli cha ukuta. Ndani, yai lingeiva mfukoni, kwa hiyo tulitoa viti nje upande wa magharibi; bosi mbele, sisi migongo ukutani. Jua likigusa kiatu chake, mkutano umefungwa, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

Nimekaa katika mikutano mingi tangu hapo, yenye feni na maji ya chupa, na walahi sijaona uliofanya kazi kama ule. Aliyezungumza sana aliwamalizia wenzake kivuli, nao walimwambia.

Mimi shida yangu ilikuwa moja. Nilihudumia pampu zamu ya jioni, na shule ya watu wazima ilikuwa jioni hiyohiyo. Kubadilishiwa zamu lilikuwa jambo la mengineyo, na mengineyo huja mwisho. Jumatatu kwa Jumatatu jua lilinitangulia. Mwalimu akanionya kwamba nikikosa wiki moja zaidi, dawati langu atapewa mwingine.

Jumatatu iliyofuata, dereva wetu, mzee tuliyemwita adeer, yaani baba mdogo, alisimulia safari yake ya Hadado shimo kwa shimo, na barabara ile ilikuwa na mashimo mengi kuliko nyota. Alipomaliza, jua lilikuwa unywele mmoja kutoka kwenye kiatu. Nikasimama.

Adeer akaniangalia. Akavuta shuka lake begani, akalitandaza juu ya bosi, na mwenzangu wa pampu akadaka upande wa pili.

"Kivuli bado kipo, bosi," adeer akasema. "Kijana aseme. Lakini upesi, mkono wangu si ukuta."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Bosi akauliza nani atachukua jioni. Akainua macho, akamwona mwenzangu ameshika shuka.

"Naona mkono umeinuliwa."

Tulicheka hadi ng'ombe wa kule mbali Eldas wakageuka. Mwenzangu hakuushusha.

"Haya, andika," akasema. "Lakini cheti kikija, nusu ni yangu."

Cheti kilikuja. Kiko sebuleni kwangu hadi leo, kina jina langu peke yake. Nadhani waliokiandika walikosea.