Haya Ipi?

Basi lilimshusha mbele ya maktaba yenye milango minne, na mgeni akakosea mitatu kabla ya kukiona chumba cha kujalidi vitabu. Mkononi begi, kinywani lugha tano. Miaka ishirini ya ukalimani ilikuwa imemchosha kusema maneno ya watu. Sasa alitaka kazi ya mikono.

Ndani kulikuwa na meza ndefu, sufuria ya gundi, na mwanamke mfupi mwenye miwani machoni na nyingine kichwani. Wenzake walimwita Bi Haya. Msimamizi wa maktaba hakumficha mgeni kitu: fundi huyu anastaafu baada ya miezi mitatu. Akisema unafaa, utabaki. Asiposema, chumba kinafungwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Haya."

Haya kaa? Haya toka? Mgeni akakaa. Kumbe aliambiwa avue koti.

Kufundisha kwenyewe kulimpa mgeni kizunguzungu. Fundi alishona kitabu kizima, kisha akakifumua palepale.

"Umeona nini?"

"Uzi."

"Uzi hata paka anauona."

Wiki ya pili mgeni alikuwa katikati ya kitabu, fundi akapita nyuma yake. "Haya." Mgeni akaacha, akachukua kingine. "Haya." Akaacha tena. Kufika jioni vitabu vitano vilikuwa vimelala nusunusu, kama suruali za mguu mmoja.

"Na hivi, vimefiwa?"

"Si ulisema haya?"

"Haya, endelea!"

"Jana ulisema haya ukazima taa!"

"Ile ilikuwa haya, twende zetu. Mwanangu, lugha zote hizo ulikuwa unazilalia?" Akacheka mpaka miwani ya kichwani ikadondoka.

Akaketi amsaidie. Lakini kitabu alichomaliza yeye kilikwenda kombo, mgongo umepinda kabisa. Kusudi, au ni macho? Mgeni alizunguka meza mara mbili, roho juu. Unamkosoaje mtu aliyeshika hatima yako? Mwishowe akachukua kisu, akakifumua kitabu kile. Fundi alimtazama, akakoroga gundi.

"Haya," akasema, polepole.

Hiyo nayo mgeni hakuielewa.

Siku ya mwisho msimamizi alikuja mapema. "Bi, anafaa, hafai?"

Fundi alikuwa ameshavaa begi begani. Akakiinua kitabu cha mwisho cha mgeni, akakifungua, akakinusa, akakirudisha mezani.

"Haya," akasema, akatoka.

Msimamizi akautazama mlango. Akamgeukia mgeni. "Wewe si ndiye mkalimani? Amesemaje?"

Mgeni akakimbilia dirishani. Fundi alikuwa tayari barabarani, anatembea kwa haraka.

"Bi! Haya ipi?"

"Umeona nini?" sauti ikajibu, bila kugeuka. Akakata kona.

Mgeni alirudi mezani akiwa hajui acheke au alie. Angeweza kusema lolote, nani angembishia? Akakishika kitabu, akapitisha kidole mgongoni, taratibu, mpaka kidole kikasita.

"Hapa uzi umelegea," akasema, akavuta kiti.

"Nimekuuliza amesemaje."

"Amesema niendelee." Akakata fundo la kwanza.