Bendera Mbele ya Wodi ya Wazazi, Garsen

Siku yangu ya kwanza kazini, Ofisa wa Mazingira alinipa koti la kung'aa na bendera mbili, nyekundu na kijani. "Kazi yako ni kunyamazisha honi," akasema, akaingia garini akaenda zake.

Barabara kuu pale Garsen inapita mbele ya wodi ya wazazi, na hapohapo ng'ombe wa wafugaji Waorma huvuka kwenda mtoni kunywa. Dereva akiona ng'ombe anapiga honi, na mama aliyejifungua jana anaruka kitandani. Mtoto wangu wa kwanza nilimzalia humo. Hasira nilikuja nayo kutoka nyumbani.

Serikali ilikuwa imepafanya eneo la ukimya, yaani honi ni marufuku. Kibao kikasimamishwa. Madereva wakakisoma huku wakipiga honi. Ndipo tukaajiriwa sisi wa bendera.

Nyinyi mnaoanza sasa, jueni: bendera nyekundu inainuliwa ukiona vumbi la mifugo, si wakishaingia kwenye lami. Na usihangaike na ng'ombe. Ng'ombe mwenye kiu akishanusa maji hasimamishwi na mtu. Simamisha gari.

Matusi ya madereva niliyala.

"Dada, hiyo bendera ni ya harusi ya nani?"

"Yako. Zima injini umngoje bibi harusi, yule mwenye pembe."

Kisha akaja Msimamizi mpya kutoka Hola na kipima sauti, chombo cha kupima ukali wa kelele. Akatuambia kibao kinatosha, sisi ni gharama tu. "Leo usiinue bendera. Nataka kupima."

"Sawa, bosi. Lakini pimia kule barazani kwa akina mama, si hapa kwangu."

Akaenda, akaketi kwenye benchi katikati yao. Ng'ombe wakaingia barabarani, lori likapiga honi, na vichanga vyote vikalia kwa pamoja. Akina mama wakamgeukia. Bibi mmoja Mpokomo, aliyempakata mjukuu, akamuuliza polepole, "Mwanangu, na hicho kidude chako kimesemaje?"

Kabla basi lililofuata halijafika, Msimamizi alikuwa amesimama getini. "Inua," akaniambia. Kazi yetu ikabaki.

Nimestaafu mapema, na si kwa kupenda. Mkataba wetu hauna likizo ya uzazi. Unalinda usingizi wa wazazi, ukizaa wewe unaondolewa. Hilo lipiganieni, mimi nimelisema mpaka ofisini wananikimbia.

Lakini kazi niliifanya, na ninajivunia. Mwezi uliopita nilijifungua wodi ileile. Alasiri nikasikia kwato, kengele za mbao, halafu honi moja. Nikashuka kitandani.

"We mama, unaenda wapi na nyuzi hizo?" muuguzi akauliza.

Nikachungulia dirishani. Msichana aliyechukua nafasi yangu alikuwa ameshafika kwenye dirisha la dereva, kidole juu, na dereva kainamisha kichwa.

Nikarudi kulala.