Ndizi ya Mukiri

Gladwell nusura anitie wazimu. Mimi ni mama mshauri kwenye kliniki moja huku Timau. Nina virusi vya ukimwi na nimezaa watoto wawili wazima, kwa hivyo kazi yangu ni kuwaonyesha wajawazito wengine kwamba inawezekana. Gladwell, anayefunga maua shambani hapo chini, alikuwa akipita lango letu na kwenda kuchukua dawa mpaka Meru mjini, asionekane. Tumbo lilipokuwa zito ndipo akaja kwetu, amejifunika leso mpaka puani. Chupa ya vidonge alikuwa ameijaza pamba ili visilie mkobani.

Sasa anamficha nani? Mumewe Kobia anajua, tena wanameza pamoja.

"Mama mkwe," akasema. "Akijua, nimekwisha."

Mficha uchi hazai, nikamwambia. Naye akazaa, na bado akaficha.

Alipata mvulana, Mukiri. Nilimkumbusha mpaka koo likakauka: wewe umeze dawa kila siku, mtoto apewe yake ya maji kila siku, na miezi sita anyonye tu, asionje kitu kingine. Ukimchanganyia chakula, tumbo lake changa linachubuka na virusi vinapata njia. Gladwell akaitikia ndiyo, ndiyo, na mimi kwa ujinga wangu nikaamini.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kumwona. Nikamkuta mama mkwe, Gatakaa, ameketi kando ya jiko anatafuna ndizi ya kuchoma, mtoto mapajani. Katika boma lao mtoto huonjeshwa chakula cha shamba la baba yake kabla wanawake hawajaleta uji wa mzazi. Bibi hutafuna ikalainika, kisha humlisha kwa kidole. Na Gladwell yuko kitandani, anaangalia ukuta. Mtoto wake anakaribia kulishwa, yeye anaangalia ukuta. Siri haikuwa yangu kuitoa, lakini hasira zilinipanda. Kidole cha Gatakaa chenye ndizi kilikuwa karibu kugusa mdomo wa mtoto.

"Mama, ngoja," Gladwell akasema, sauti haitoki vizuri. "Usimpe. Nina virusi. Akinyonya tu, na dawa, hatapata."

Gatakaa akatema ndizi kiganjani.

"Kwa hivyo ungeniacha nimuue mjukuu wangu kwa kidole changu," akasema, "ili mimi nisikuchukie?"

Gladwell akanyoosha mikono, akampokea mtoto.

Wanawake walipofika na uji, Gatakaa aliwapokea mlangoni. Akawaambia uji ni wa mama, mtoto haguswi, na asiyependa arudi kwake. Siku ya kliniki alitangulia yeye langoni, amembeba Mukiri, Gladwell akifuata nyuma bila leso usoni.

Juzi majibu ya kwanza ya mtoto yalitoka: hana virusi. Gladwell alilia. Gatakaa aliniuliza ndizi itaanza lini.