Mpimaji Asiyetoa Mkono

Mpimaji wa maabara ndogo ya mtaa wa Carama hampi mtu mkono. Ukimnyooshea wako anakupa kiwiko, halafu anakifuta kwa spiriti, kwa sababu kila kiganja anakiona kimejaa stafilokoki, yule mdudu wa majipu, wa vidonda vyenye usaha na wa chakula cha harusi kinachoharisha wageni. "Puani ndiko nyumbani kwake," huwaonya wagonjwa, huku kidole chake mwenyewe kikizunguka puani bila yeye kujua. Caritas, anayepiga deki humo, amekitazama kidole hicho miaka mitatu. Wiki hii mpimaji anafanya kazi wima, ameinamia hadubini, na kiti kitupu kiko nyuma yake.

"Muganga, kaa basi," Caritas anamwambia.

"Apana, mi niko bien hivi."

Leo akamwita kwa furaha. "Caritas, kuja uone! Stafilokoki, imejipanga kama zabibu!"

"Ni usaha wa nani?"

Akakohoa. "Wa mutu mumoja wa hapa kazini."

Caritas akakitazama kile kiti kitupu. Alikunja kitenge chake mara nne, akakilaza taratibu kitini. Mpimaji akakaa upande mmoja, akashusha pumzi, kisha akamnyooshea mkono wa shukrani.

Caritas akampa kiwiko.