Kamba ya Enid Barraclough

Mtaani kwetu hapa Harehills, jijini Leeds, nyumba zimegeuziana migongo zikashikana ukuta kwa ukuta. Nyuma hakuna uwanja wala upenyo. Basi nguo tunaanika mbele, kwa kamba zinazovuka barabara kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, na siku yake ni Jumatatu. Mwenye gari atafute njia nyingine.

Kila mtu anaijua kamba ya mwenzake. Ikifika saa tatu asubuhi na kamba yako haina kitu, utagongewa mlango uulizwe kama u mzima. Ndivyo tulivyomkuta Enid Barraclough Novemba iliyopita, kaanguka chini ya ngazi, bega limeteguka, na bado ana nguvu za kutugombeza kwa kuchelewa.

Enid ana miaka themanini na minane na amezaliwa humu humu mtaani. Akiwa na miaka kumi na mitano aliingia kiwanda cha suti, akashona vitundu vya vifungo kwa mashine miaka thelathini na miwili. Miaka ya sabini wakubwa wa jiji walitaka kubomoa mtaa wetu, wakisema nyumba zimechakaa. Siku ya mkaguzi kuja ilikuwa Alhamisi. Enid alipita mlango kwa mlango akawaambia wanawake wote wafue. Mkaguzi akakuta mashuka mabichi kuanzia mwanzo wa mtaa hadi mwisho, gari halipiti.

"Hayajakauka," Enid akamwambia. "Shuka utembee, bwana. Miguu si unayo?"

Akatembea kwa kuinama, shingo imelowa, na kila alipojificha mlangoni akavutwa ndani kunywa chai. Aliona vizingiti vinavyong'aa kwa kusuguliwa, na watoto wenye afya. Siwezi kusema ni Enid peke yake aliyetuokoa, mitaa mingine nayo ilipigana. Lakini nyumba zipo, nami jana nililala katika mojawapo.

Nina deni la shukrani kwake ambalo silifichi. Mke wangu Sheila alipofariki, sikufua wiki tatu. Jumatatu ya nne Enid alisukuma mlango bila hodi, akabeba kapu langu la nguo.

"Usiseme neno, Cliff," akasema. "Unanuka."

Alinifulia mwaka mzima. Kufua alinifundisha baadaye, lakini kuanika alikataa kata kata. Alisema mikono yangu ya kuendesha basi itamkatia kamba. Mpaka leo zangu naning'iniza bafuni. Watu walinipa pole nyingi wakati ule na nilizipokea, ila kilichonitoa kitandani ni aibu ya kuona yule mama akipita na shati langu.

Basi bega lile la Enid halikurudi sawa. Mkono haupandi. Tangu Novemba, Delphine Joseph wa nyumba ya mkabala, mama wa kutoka kisiwa cha St Kitts huko Karibi, ndiye aliyekuwa akimwanikia, tena kwa namna ya Enid mwenyewe, kibanio kwa kibanio. Binti yake Enid, Gillian, anakaa Bournemouth, mbali kusini, na hakujua. Mwezi Machi akapiga simu: anakuja Jumatatu, na akikuta mama yake hawezi kujitunza, anaondoka naye, nafasi imeshapatikana katika nyumba ya wazee.

"Kule hata sijui nani kanuniana na nani," Enid akatuambia. Mara ya kwanza kumwona akiogopa.

Na Jumatatu hiyo hiyo Delphine alikuwa na miadi ya macho hospitalini. Nikabaki mimi. Nilianika nguo za Enid kwa moyo wangu wote, ili Gillian adhani mama yake kaanika mwenyewe.

Gillian alifika saa nne na nusu na sanduku tupu la kutilia nguo za mama yake. Akasimama chini ya kamba.

"Mjomba Cliff, nani kaanika hizi?"

"Mama yako."

"Mama yangu aanike blauzi kwa mabega? Na chupi zake hadharani?"

Sikuwa najua, jamani. Kumbe wanawake wa mtaa huu chupi hukaushia ndani ya foronya, na miaka yote hiyo mimi nilidhani hawana.

"Cliff!" Enid akapiga kelele kutoka mlangoni. "Umenimaliza!"

Hapo Delphine akatokea, jicho moja limefungwa bandeji. "Hata kwa jicho moja naona balaa," akasema. "Mwambieni mtoto ukweli."

Tukamwambia. Delphine anaanika na kumwosha mama nywele. Mimi naleta mkate na kutoa pipa la taka. Asubuhi anagongewa, jioni anagongewa, mpaka mwenyewe analalamika.

"Kwa hiyo hawezi," Gillian akasema polepole. "Nilikuja kujua hilo tu."

"Hawezi," nikasema. "Hata mimi sikuweza, nikabebwa. Mama yako ndiye aliyenibeba. Usitunyime zamu yetu, mwanangu."

Gillian alimtazama mama yake, aliyekuwa ameushika mkono mbovu kwa ule mzima. Kisha akaweka sanduku chini, akabandua blauzi kwenye kamba, akaigeuza.

"Njoo hapa, Mjomba," akasema. "Shika pindo. La chini, siyo hilo. Delphine akiwa na miadi tena, mama yangu asiaibike."

Nilishika pindo huku machozi yananitoka, sikuona haya. Delphine alinicheka, na Enid akaanza kutoa amri kutoka mlangoni, hii hapa, ile pale, mpaka kamba yote ikawa kama anavyotaka. Tulikunywa chai, tukala keki ya tangawizi, na saa kumi na moja jioni Gillian akapanda treni peke yake.